KUPATIKANA NA, KUWA NA, KUMILIKI: Historia ya Istilahi Moja katika Mashauri ya Dawa za Kulevya

1. Swali lenyewe

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwanamke mmoja mkulima amepanda basi Ifakara, safari yake ni ya Mikumi. Kabla ya kuondoka, jirani yake amemwomba amfikishie ndugu yake kiroba cha mchele. Naye, kwa desturi ya ujirani, amekipokea na kukiweka chini ya kiti chake. Basi limepita Kiberege, na lifikapo Kisawasawa askari wanalisimamisha na kulipekua. Ndani ya kiroba kile, chini ya mchele, pana bangi. Siku ya kufikishwa mahakamani mama huyo anasomewa shtaka kwamba "alipatikana na bangi", kisha anaulizwa kama ni kweli au si kweli. Hana sababu ya kusema uongo. Anajibu: "Ni kweli, nilipatikana nayo, lakini mzigo si wangu."

Je, amekiri kosa? Kwa Kiswahili chake amekiri tukio tu: kwamba askari walipekua na bangi ikaonekana katika kiroba alichokuwa nacho. Kwa mujibu wa sheria bado hajakiri lolote la kumtia hatiani, kwani hakuna aliyemwuliza kama alijua kilichokuwamo. Na sehemu ya pili ya jibu lake, kwamba mzigo si wake, inajibu swali la tatu kabisa, yaani swali la mwenye mali. Katika sentensi moja fupi yamekutana mambo matatu ambayo wanasheria huyatenganisha kwa uangalifu mkubwa: kuonekana kwa kitu, kuwa na kitu, na kumiliki kitu.

Madhumuni ya makala haya ni kueleza jinsi mambo hayo matatu yalivyochanganyika katika Kiswahili cha mahakama, na kuonyesha kwamba mchanganyiko huo haukutokana na upungufu wa lugha yetu, bali na njia iliyotumika kuleta sheria na kuitafsiri. Jambo hili si la wasomi peke yao. Mkalimani, karani, hakimu na askari hulitumia neno hilo kila siku ya kazi, na uhuru wa mtu waweza kutegemea silabi chache.

2. Akiba ya lugha kabla ya sheria zilizoandikwa

Msemaji wa Kiswahili, awe wa pwani au wa bonde la Kilombero, hutofautisha bila kufundishwa kauli hizi tatu: "ninacho", "ni changu", na "kiko kwangu". Mtu aliyeazima jembe husema: "Jembe ninalo, lakini si langu." Mtu aliyewekewa baiskeli uani na shemeji yake husema: "Baiskeli iko kwangu, lakini ni ya shemeji." Na mtu akipekua mfuko wake na kukuta ufunguo aliodhani umepotea husema: "Kumbe ninao!" Kauli hii ya mwisho yafaa kuzingatiwa sana, kwa maana inaonyesha kwamba katika Kiswahili mtu aweza kuwa na kitu bila kujua kwamba anacho. Tutairudia mbele.

Pamoja na kauli hizo za Kibantu, lugha yetu ilipokea neno milki kutoka Kiarabu. Shina lake ndilo lililotupa pia malkia na mamlaka, na kwa hiyo tangu mwanzo lilibeba maana ya enzi, si ya kushika tu. Katika elimu ya fiqhi iliyotumiwa na makadhi wa pwani, milki ni haki ya mwenye mali, na haki hiyo hutofautishwa na "mkono", yaani hali ya mtu ambaye mali imo mikononi mwake. Ndiyo maana Kiswahili kina maneno kama amana, rehani na kuazima. Kila moja la maneno hayo hueleza hali ambapo kitu kimo mikononi mwa mtu mmoja na milki ni ya mwingine. Lugha iliyoweza kupambanua amana na rehani haiwezi kusemwa kwamba haikuwa na njia ya kupambanua kushika na kumiliki.

Hata hivyo, watunga kamusi walipoanza kazi yao hawakuwa wakiandika kwa ajili ya mahakama. Kamusi ya Kiswahili kwa Kiingereza iliyosimamiwa na Frederick Johnson na kutolewa mwaka 1939 ililieleza neno miliki kwa maana za kuwa na mali, kuwa mwenyewe wa mali, na kutawala, zote kwa pamoja. Kwa msomaji wa kawaida maelezo hayo yalitosha. Kwa mtafsiri wa sheria, yalifungua mlango wa kosa: kila alipokutana na neno la Kiingereza "possession", miliki ilikuwa tayari mkononi.

3. Kanuni ya Adhabu ya 1930

Waingereza walipoitawala Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, walianza kwa kutumia Kanuni ya Adhabu ya India ya mwaka 1860. Mwaka 1930 waliiondoa na kuweka Kanuni ya Adhabu mpya, na Kenya na Uganda zikapata kanuni zinazofanana nayo mwaka huo huo. Ukoo wa kanuni hizo unarejea hadi Queensland, Australia, ambako kanuni ya jinai ilitungwa mwaka 1899, ikapitia Nigeria, kisha ikaletwa kwetu.

Katika kifungu cha 5 cha Kanuni hiyo ya Tanganyika pana tafsiri ya kuwa na kitu. Tukiieleza kwa maneno yetu, inasema kwamba mtu huhesabiwa kuwa na kitu si pale tu anapokishika mwenyewe, bali pia pale ambapo, kwa kujua, kitu hicho kimo mikononi mwa mtu mwingine. Au pale alipokiweka mahali popote, pawe pake au si pake, kwa matumizi au faida yake au ya mtu mwingine. Inaongeza kwamba watu wawili au zaidi wakiwa pamoja, na mmoja wao akawa na kitu kwa ujuzi na ridhaa ya wenzake, wote huhesabiwa kuwa nacho.

Msomaji ataona mara moja kwamba tafsiri hiyo haisemi neno lolote kuhusu milki. Mwenye mali ni nani si hoja yake. Vilevile haisemi kuhusu kupatikana: mtu aweza kuwa na kitu miaka mitano pasipo askari yeyote kumkuta nacho. Hoja yake ni uhusiano wa mtu na kitu, uhusiano wenye miguu miwili, yaani kujua na kuwa na uwezo juu ya kitu hicho.

Sheria hiyo iliandikwa kwa Kiingereza. Waliotakiwa kuifikisha kwa mshtakiwa ni makarani na wakalimani wa mahakama, kila mmoja kwa ustadi wake. Ni kweli kwamba mwaka huo huo wa 1930 ilianza Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki, lakini jitihada zake kubwa zilikuwa za kusanifisha Kiswahili cha vitabu na shule. Kiswahili cha kizimbani kiliachwa kijitafutie njia. Nacho kilipata njia fupi kuliko zote: kilichukua maneno ya askari. Askari aliyeshuhudia husema, "Nilimkuta na bangi", au "Alipatikana na bangi." Maneno ya ushahidi yakageuka kuwa maneno ya shtaka.

4. Kasoro ya "kupatikana na"

Yafaa tuitazame kauli hiyo kwa jicho la sarufi. Kitenzi "kukutwa" ni cha kutendwa, na mtendaji wake ni yule aliyekuta. "Alikutwa na bangi" ni habari ya kazi ya askari. "Kupatikana" nacho hueleza kwamba kitu kimewezekana kupatwa, kama tusemavyo kwamba sukari inapatikana dukani. Katika vitenzi vyote viwili mshtakiwa hakutenda kitu na wala hakujua kitu. Yeye ni mahali ambapo jambo limeonekana. Ilhali kosa la jinai, kwa desturi ya sheria tuliyoirithi, hudai kitendo cha mtu pamoja na nia yake.

Kuna hatari ya pili, nayo ni kubwa zaidi kwa sababu haionekani. Hakimu akimaliza kusikiliza shauri na kuridhika na ushahidi, hutamka kwamba mshtakiwa "amepatikana na hatia". Muundo ni ule ule: kupatikana na bangi, kupatikana na hatia. Sikio la mwananchi husafiri kutoka kauli ya kwanza hadi ya pili bila kikwazo, kana kwamba anayepatikana na bangi amekwisha kupatikana na hatia. Magazeti nayo husaidia safari hiyo, kwani habari ya mtu "aliyekutwa na" dawa huandikwa siku ya kukamatwa, na wasomaji huisoma kama habari ya mkosaji. Lakini katikati ya kauli hizo mbili ndipo panapokaa shauri zima.

Hatusemi kwamba kauli hiyo ifutwe. Ina kazi yake halali, nayo ni kueleza tukio la upekuzi. Tunachosema ni kwamba haifai kubebeshwa mzigo wa kueleza kosa.

5. Uhuru na kazi ya istilahi

Baada ya uhuru, Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963 iliweka mfumo wa mahakama za mwanzo, na Kiswahili kikawa lugha yake. Januari 1967 Makamu wa Pili wa Rais, Rashidi Kawawa, alitoa agizo kwamba shughuli za serikali ziendeshwe kwa Kiswahili. Mwaka huo huo Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria ya Bunge. Mwaka 1968 ikatolewa Dar es Salaam orodha ya istilahi za sheria iliyotayarishwa na A. B. Weston, na mwaka 1981 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ikachapisha Kamusi ya Kiswahili Sanifu.

Kazi hiyo ilikuwa kubwa na ya kusifiwa. Hata hivyo mgawanyo wa lugha kati ya mahakama na mahakama ulibaki. Katika mahakama za juu ya zile za mwanzo, mashahidi na washtakiwa wengi walisema Kiswahili, na hakimu akaandika Kiingereza. Neno la mshtakiwa lilivuka mpaka wa lugha likiwa njiani kuelekea kwenye karatasi, na hapakuwa na kituo cha ukaguzi. Aliyesema "nilipatikana nayo" aliweza kuandikwa kana kwamba amesema "nilikuwa nayo kwa kujua". Mwenyewe asingeweza kusahihisha, kwa kuwa kilichoandikwa hakukielewa.

Juu ya jambo hili Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilitoa mwongozo mwaka 1973, katika shauri linalopatikana ukurasa wa 445 wa ripoti za sheria za Afrika Mashariki za mwaka huo. Mahakama ilielekeza kwamba shtaka pamoja na viini vyote vya kosa vielezwe kwa mshtakiwa kwa lugha yake au lugha anayoielewa; kwamba maneno yake mwenyewe yaandikwe; kwamba akikiri, upande wa mashtaka utoe maelezo ya tukio; na kwamba mshtakiwa apewe nafasi ya kuyakubali, kuyakana au kuyaongezea. Maelezo yake yakizua shaka, kukiri kufutwe na shauri lisikilizwe. Mwongozo huo ungali unafuatwa.

Kwetu sisi wa istilahi, agizo la kueleza viini vyote vya kosa ni agizo la lugha. Kama kiini cha kosa ni kujua, basi neno "kujua" halina budi kutamkwa. Mama wa mfano wetu, akiulizwa, "Ulikuwa na bangi ndani ya kiroba, nawe ukijua kwamba ni bangi, ni kweli au si kweli?", atajibu mara moja: "Si kweli, sikujua." Mahakama ni ile ile, sheria ni ile ile, na mtu ni yule yule, lililobadilika ni swali.

6. Sheria za dawa za kulevya

Bangi iliingizwa katika mikataba ya kimataifa ya udhibiti kwa Mkataba wa Geneva wa mwaka 1925. Mikataba ya Umoja wa Mataifa ikafuata mwaka 1961, 1971 na 1988. Na ule wa 1988 ulizitaka nchi, kwa kadiri ya misingi ya katiba zao, zifanye hata kuwa na dawa kwa matumizi ya mtu binafsi kuwa kosa. Tanzania ilitunga Sheria Na. 9 ya mwaka 1995, kisha Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, Na. 5 ya mwaka 2015, ambayo imefanyiwa marekebisho baadaye.

Chini ya sheria hiyo ya 2015 neno tunalolijadili lilizidi kuwa zito. Tafsiri yake ya usafirishaji wa dawa ni pana mno, hata kuhifadhi na kuwa na dawa kumeingizwa ndani yake. Na adhabu ya usafirishaji hufikia kifungo cha maisha. Mwananchi anayesikia "kusafirisha" hufikiri juu ya gari na barabara. Sheria yaweza kuwa inamzungumzia mtu aliyeketi nyumbani kwake. Hapa napo istilahi ya Kiswahili imekuwa nyembamba kuliko dhana inayoibeba.

7. Kinachothibitishwa na kinachopingwa

Ni nini basi kinachotakiwa kuthibitishwa? Jibu linalorejewa mara kwa mara liko katika uamuzi uliochapishwa ukurasa wa 134 wa ripoti za sheria za Tanzania za mwaka 1987. Kwa muhtasari, ili mtu ahesabiwe kuwa na kitu, ni lazima ithibitishwe ama kwamba alijua kipo na alikuwa na uwezo juu yake, ama kwamba kitu kililetwa kwa mwaliko na mpango wake ingawa yeye hakuwapo. Uamuzi huo uliongeza kwamba kuwa na kitu kwenyewe huashiria kujua na kuwa na uwezo juu yake. Maana yake ni kwamba mahakama yaweza kukisia kujua kutokana na hali ilivyokuwa, na mshtakiwa ana nafasi ya kuonyesha kwamba kisio hilo halisimami. Mzigo wa kuthibitisha shtaka bila kuacha shaka yenye msingi hubaki juu ya Jamhuri.

Kutokana na hayo, upinzani wa washtakiwa huja kwa njia nne, na kila njia ina msamiati wake.

Ya kwanza ni "sikujua". Shauri mashuhuri katika nchi zinazofuata sheria za Kiingereza liliamuliwa na Baraza la Malodi la Uingereza mwaka 1968. Mtu alichukua maboksi mawili. Moja lilikuwa na manukato na jingine vidonge vilivyokatazwa, naye akadai kwamba alidhani yote ni manukato. Malodi walieleza kwamba anayeshika boksi hukisiwa kuwa na kilichomo, lakini kisio hilo laweza kuvunjwa na mtu aliyedhani kwamba kilichomo ni kitu cha namna nyingine kabisa na hakupata nafasi ya kukitazama. Kiroba cha Kisawasawa na boksi la London ni ndugu.

Ya pili ni "haikuwa chini yangu". Wakulima wengi wa bonde la Kilombero huhamia mashambani wakati wa kilimo cha mpunga, wakakaa katika vibanda vya shamba kuanzia mvua hadi mavuno, na nyumba ya kijijini ikabaki na wazee au watoto. Mtu wa namna hiyo ana mahali pawili panapoitwa "kwake", na kimoja kati ya viwili hivyo hakilali. Upekuzi ukifanywa kijijini na bangi ikaonekana darini, kauli kwamba "ilikuwa kwake" ni kweli kwa Kiswahili safi, lakini haijathibitisha kwamba alijua wala kwamba alikuwa na uwezo juu yake. Nyumba ya wapangaji wengi na gari la abiria huzua swali hilo hilo.

Ya tatu ni kupinga upekuzi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 humtaka ofisa anayekamata kitu atoe stakabadhi, yenye saini ya mwenye mahali na ya mashahidi kama wapo. Kwa kawaida shahidi ni mwenyekiti wa kitongoji, mjumbe wa nyumba kumi au jirani. Pasipo hati wala shahidi huru, mshtakiwa huuliza: nani mwingine aliyeona? Hati nayo yafaa kuandikwa kwa lugha ambayo anayeitia saini anaisoma. Na tangu uamuzi wa mwaka 2003 imesisitizwa kwamba hati isisomwe mahakamani kabla ya kupokelewa kuwa kielelezo. Ikishapokelewa, isomwe ili mshtakiwa asikie kilichomo.

Ya nne ni kupinga kielelezo chenyewe. Je, majani yaliyochunguzwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ndiyo yale yale yaliyochukuliwa chini ya kiti? Katika Rufaa ya Jinai Na. 110 ya mwaka 2007, ambayo haikuwa ya dawa za kulevya, Mahakama ya Rufani ilieleza umuhimu wa maandishi yanayofuatana kwa wakati, yakionyesha nani alikamata kitu, nani alikitunza, nani alimkabidhi nani, na nani alikichunguza. Baadaye, katika Rufaa ya Jinai Na. 485 ya mwaka 2015, ilieleza kwamba kanuni hiyo si ya kukaza sawasawa kwa vitu vyote. Kitu kisichobadilika wala kubadilishwa kwa urahisi chaweza kulegezewa. Lakini majani na unga ni vitu vya kubadilishwa kwa urahisi mno.

Dhana hiyo ya mwisho imezoeleka kuitwa "mnyororo", kwa kufuata Kiingereza. Neno hilo si kosa, ila mshtakiwa anayelisikia kizimbani ana mnyororo mwingine akilini. Ofisi zetu tayari zina neno lililo wazi zaidi, nalo ni makabidhiano. "Mlolongo wa makabidhiano ya kielelezo" hueleweka kwa karani, kwa askari na kwa mwenye shauri, na hakuna asiyejua hati ya makabidhiano ni nini.

8. Mwaka 2021 na baada yake

Mwaka 2020 Jaji Zephrine Galeba wa Mahakama Kuu, Musoma, aliandika hukumu kwa Kiswahili. Februari 2021 Rais John Magufuli alimteua kuwa Jaji wa Mahakama ya Rufani, akilisifu jambo hilo hadharani. Mwezi huo huo Bunge lilipitisha marekebisho yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Kwa hiyo mpaka tuliousema, kati ya neno la mshtakiwa na maandishi ya hakimu, umeanza kuondolewa. Lakini kuondoa mpaka si kusawazisha maana. Ikiwa hati za Kiswahili zitanakili mazoea ya zamani, basi kosa lililokuwa la kutafsiri litakuwa sasa kosa la sheria yenyewe.

Kwa ajili hiyo tunatoa mapendekezo yafuatayo.

Kwanza, "kupatikana na" na "kukutwa na" vitumike katika maelezo ya tukio la upekuzi tu, visitumike kama jina la kosa.

Pili, "kumiliki" na "umiliki" vibaki kwa haki ya mwenye mali. Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 yenyewe hutenganisha mambo hayo, kwani husema kwamba anayeonekana kuwa na kitu, yule anayebisha kuwa si mwenyewe wa kitu hicho ndiye mwenye kuthibitisha. Kanuni hiyo haina maana yoyote kama kuwa na kitu na kukimiliki ni jambo moja.

Tatu, kwa kosa lenyewe itumike kauli "kuwa na kitu kwa kujua na kikiwa chini ya uwezo wake". Tulisema awali kwamba Kiswahili huruhusu mtu kusema "kumbe ninacho". Kwa sababu hiyo "kuwa na" peke yake hakutoshi, na maneno "kwa kujua" si pambo bali ni nguzo. Tumeyafikiria maneno mengine. "Kuhodhi" lina harufu ya uchoyo na ulanguzi. "Himaya" linakumbusha ulinzi wa dola. "Mikononi mwake" ni zuri na la asili, lakini kizimbani mtu atajibu kwamba mikono yake ilikuwa mitupu.

Nne, kiini cha kujua kiitwe "kujua" au "ufahamu", kisiitwe "ujuzi", ingawa hata sisi, tulipoeleza kifungu cha 5 hapo juu, tulilitumia kwa mazoea ya vitabu. Mjuzi ni fundi. Mtu akiulizwa kama alikuwa na "ujuzi wa bangi" ataelewa kwamba anaulizwa kama ni mkulima wake hodari.

Tano, ile hali ambapo mtu huhesabiwa kuwa na kitu kilicho mbali naye isitafsiriwe kwa kufuata kivumishi cha Kiingereza, ambacho kwa sura yake huhusiana na kujenga. Husemwa tu kwamba mtu "anahesabiwa kuwa nacho". Kitenzi "hesabiwa" kimekwisha kufanya kazi hiyo katika Kiswahili cha kawaida, nasi hatuna haja ya kukitafutia mbadala.

9. Hitimisho

Historia hii fupi yatufundisha kwamba istilahi mbovu si lazima iwe neno geni. Neno linaweza kuwa letu, la kila siku, tamu masikioni, na bado likawa limewekwa mahali pasipo pake. "Kupatikana na" halikuletwa na mgeni. Liliingia mahakamani kwa mlango wa shahidi, likaketi kwenye kiti cha sheria, na kwa kuwa hakuna aliyeliuliza limekaa huko miaka mingi.

Wakulima wa Kisawasawa wanajua tofauti ya "ninacho", "ni changu" na "kiko kwangu", na huitumia wanapodaiana majembe na magunia. Kazi ya mtafsiri wa sheria si kuwafundisha tofauti hiyo bali kuhakikisha kwamba wakifika mbele ya hakimu wanaikuta ikiwasubiri. Walimu wa sheria, wakalimani na maofisa wa mahakama wanaombwa kuyapima mapendekezo haya katika kazi zao, na kulijulisha Baraza pale yanapofaa na pale yanaposhindwa.